Kaseti ya Kaka na Vitu vya Nyuma ya Nyota

Miaka ya tisini simu ya nje ilikuwa ghali, basi waliohamia Ulaya wakituletea sauti zao kwenye kaseti. Nyumbani kwetu, mtaa wa Ng'ambo, kaseti ya kaka ikifika, jamvi hutandikwa, majirani huitwa, na mimi hukabidhiwa redio. Kazi nyengine hawakunipa. Nikitumwa sokoni Darajani, kichwa kilikuwa kikiniuma kabla sijavaa viatu.

Safari ile kaka alikuwa amenyamaza miezi minane. Mama alishaanza kusema mwanawe amekufa, tunamficha. Kwa hiyo nikaitia kaseti kwa pupa, wala sikutazama ni upande gani.

Kwanza ulikuja upepo. Kisha ngoma, kama nazi zinazomwagwa juu ya bati, magitaa yakinguruma, na mtu akipiga ukelele kama anachunwa ngozi. Sauti ilikuwa ya kaka. Kikombe kilinitoka mkononi. Mama alishika kifua, na jirani mmoja akatafuta viatu vyake.

Shangazi, mzoefu wa kupunga mashetani, alifukiza ubani akaisogelea redio. Akaiuliza kwa adabu, kama aulizwavyo shetani aliyempanda mtu:

"Shikamoo. Wewe nani, na wataka nini kwa mtoto wetu?"

Redio ikamjibu kwa mlio mrefu.

Nikaigeuza kaseti. Upande wa pili kaka alimwamkia mama kwa upole, akaeleza kuwa ameunda bendi na wenzake. Wanaimba habari za vitu vikubwa vilivyolala nyuma ya nyota, vikongwe kuliko bahari, visivyojua hata kama sisi tupo. Huyu ndiye kaka aliyekuwa akiombwa aadhini, akajifungia chooni kwa haya! Mpaka leo sijapona mshangao ule.

Shangazi aliweka chetezo chini. Alisema shetani asiyetaka kitambaa wala sahani ya halua hana dawa.

Mama akaniambia niurudie upande wa makelele. Nikadhani sikumsikia vizuri. Akainama, sikio karibu na redio, akasikiliza mpaka mwisho, na sote tukimtazama yeye.

"Mzima," akasema. "Ndivyo alivyokuwa akilia nilipomwachisha ziwa. Na kifua hakina kikohozi."

Jirani akavua viatu, akarudi jamvini.