Nilivyomwombea Nesi wa Televisheni

Heri mnisikie mimi mwenyewe kabla uvumi wa mji mzima wa Nkubu haujawafikia. Mimi ni nesi, na nimelewa tamthilia ya wakati wa vita. Ndani yake kuna nesi mwenzangu, Roza. Mchumba wake amemwambia achague: ndoa au majeruhi wake.

Mchumba wangu hana neno. Mama yake ndiye aliyenyamaza tangu asikie nimeitwa mjini Embu kusomea kazi ya thieta, chumba cha upasuaji.

Jumapili, kwa maombi ya akina mama, nikasimama na machozi. "Mwombeeni rafiki yangu Roza. Mchumba wake hataki afanye kazi."

Wakaomba mpaka mabati yakatetemeka. Aliyeomba kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa huyo mama mkwe wangu mtarajiwa.

"Asiache kazi!" akasema baada ya amina. "Kesho twende tuongee na wazazi wake. Kwao ni wapi?"

Kweli, sikuwa nimefikiria mpaka hapo.

"Mama, Roza ni wa... kwa TV."

Mtu akakohoa kicheko. Mama akanitazama, akatazama pete yangu ya uchumba.

"Sasa hayo maombi tutayarudisha wapi? Chukua wewe, uende Embu."