Vizibo vya Nyati

Kadi zilitoka kwenye begi la shule. Mdogo wangu aliuza mabegi ya mitumba katika soko la Arua, na kabla ya kutundika begi lolote alilikagua mifuko yote. Mara nyingi alikuta kalamu zilizokauka na makombo ya biskuti. Siku ile alikuta rundo la kadi lililofungwa kwa mpira, zenye picha za wanyama, askari na wachawi, na chini ya kila picha maneno madogo ya Kiingereza.

Fundi wa zipu aliyekaa kando ya meza yetu, mkimbizi kutoka Sudan Kusini, ndiye aliyetambua kwamba ule ni mchezo. Yeye na mdogo wangu wakagawana kadi, wakawa wanabadilishana na kucheza pasipo na mteja. Kadi iliyokufa iliwekwa pembeni, mahali walipopaita kaburini, maana ndivyo kadi zenyewe zilivyopaita. Mnyama aliyepata nguvu aliwekewa kizibo cha soda juu yake. Yale ambayo maneno hayakuyasema waliyagombania.

"Wewe iko mwizi!"

"Mwizi iko wewe. Unasoma nusu, nusu ingine unaweka mfukoni."

Walikuwa na desturi moja: asiyecheza ndiye mwamuzi, na akishasema hakuna kubisha. Kwa kawaida nilikuwa mimi, kwa kuwa niliuza karanga hapohapo. Niliishia darasa la sita, na kadi sikuwahi kuzishika, lakini nilikuwa nimeziangalia kwa muda mrefu.

Kisha tumbo la mdogo wangu likavimba, macho yakawa ya njano, tukampeleka hospitali ya Kuluva. Mimi nilipika uji nje na kulala kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Daktari aliniita pembeni akaniambia ini limekwisha, tumpe tu anachotaka. Alichotaka ni kadi.

Fundi alikuja kila Jumapili baada ya ibada. Walicheza juu ya sinia, na kila mara mdogo wangu alishindwa. Kadi zilimponyoka na alisahau zamu. Jumapili moja, kabla hawajaanza, alisema, "Leo nikimpiga huyu, natoka hapa na miguu yangu." Hakuwa anatania. Mama, aliyekuwa amekaa miguuni pake, aliinamisha kichwa.

"Wanaume na ndevu zenu," akasema mzee wa kitanda cha jirani, "mnacheza picha ya watoto."

"Ngoja nimalize, mzee, nitakufundisha."

"Mimi nifundishwe na mutu ya kulala?"

Tulicheka sote, na mdogo wangu alicheka kuliko wote.

Kadi aliyoipenda ilikuwa na nyati mwenye pembe iliyovunjika. Siku hiyo nyati alijaa vizibo mpaka picha ikafichika, kisha fundi akamuua. Mdogo wangu alivikusanya vizibo mwenyewe, akavirudisha kwenye mkebe wa maziwa, akaipeleka kadi kaburini. Baadaye akapata kadi ya mwanamke mwenye taa, anayerudisha kadi moja kutoka kaburini. Akamrudisha nyati kwenye sinia, akaingiza mkono mkebeni.

"Unafanya nini?" fundi akauliza.

"Amerudi. Anarudi na nguvu yake."

"Hapana. Iko mpya. Anarudi bila kitu."

"Mpya namna gani? Pembe si ile ile?"

Akiwa na vizibo, nyati angemaliza mchezo zamu ileile. Bila vizibo, zamu ya fundi ingemmaliza mdogo wangu. Sote tuliliona hilo. Fundi alimtazama usoni, kisha akashusha sauti. "Basi, sawa. Weka."

Mdogo wangu alibaki na kizibo mkononi. "Usinihurumie. Dada, wewe ndiye mwamuzi. Sema."

Mama alinigusa goti, nikamwelewa. Fundi naye alinitikisia kichwa taratibu, kwamba nikubali. Lakini mdogo wangu alinitazama vilevile alivyokuwa akinitazama sokoni alipokuwa mzima, akingoja jibu.

"Kadi inasema rudisha kadi," nikasema. "Haisemi rudisha vizibo. Vizibo ulivirudisha mkebeni mwenyewe, nyati alipokufa."

"Kwa hiyo hakuna kinachobaki?"

"Nyati anabaki."

"Na yote aliyoyafanya?"

"Yamekwisha."

Aliacha kizibo kikaanguka kwenye shuka. Fundi hakucheza, alikaa tu ameshika kadi zake.

"Piga," mdogo wangu akamwambia. "Zamu yako. Piga."

Fundi akapiga. Mzee wa jirani akageukia ukutani.

Tulipokuwa tukiosha vyombo nje, Mama aliniambia, "Ungemwachia, mwanangu. Vizibo vya soda tu." Niliendelea kusugua sufuria. Najua nilisema kweli. Kama kweli ile ilimsaidia, sijui.

Mdogo wangu hakuifikia Jumapili iliyofuata. Tulimchukua kwa pikapu hadi nyumbani Lobule, na njia nzima nililishika jeneza lisiteleze kwenye mashimo. Fundi alitaka kumzika na kadi ya nyati. Mama alikataa, akasema mwanawe hatalala na vitu vya wachawi. Basi fundi akanipa mimi mkebe na kadi zote.

Sasa meza ya mabegi ni yangu. Fundi bado anakaa palepale, na pasipo na mteja anagawa kadi. Nimejifunza kucheza. Hatuongei sana.

Juzi nilipata kadi ya mwanamke mwenye taa, nikamrudisha nyati kutoka kaburini. Kabla sijasema neno, fundi alifungua mkebe, akaanza kumwekea nyati vizibo kimoja kimoja, mpaka picha ikafichika. Hakunitazama.

Nikaviondoa vyote, nikavirudisha mkebeni.

"Dada, hata leo?"

"Hata leo."

Fundi akaufunika mkebe. Kisha akacheza zamu yake, akamuua nyati.