Kisanduku cha Mtakatifu na Kaburi la Mama

Mwaka 1969, nikiwa na miaka kumi na mbili, baba alifariki kule Kibosho na shida zikaanza. Nilikuwa darasa la nne. Sikulimaliza. Mama alimwacha dada yangu mkubwa kwa shangazi ili aangalie kihamba, shamba letu la migomba na kahawa, akanishika mkono mimi, tukashuka Dar es Salaam. Kariakoo tulipokea mikungu ya ndizi kutoka kwenye malori. Yeye aliuza, mimi nilibeba. Elimu yangu ni hiyo. Nasoma risiti na kitabu cha sala, mengine wasome wanangu, ada nimelipa.

Mama alifia hapahapa mjini, mwanzoni mwa miaka ya themanini, enzi za foleni za sukari na dizeli ya kutafuta kwa tochi. Kwetu maiti halali ugenini. Mchaga anaweza kukaa Dar maisha yake yote, lakini akifa anarudishwa kihambani, alale karibu na baba zake. Mimi sikuwa na gari, sikuwa na dizeli, wala mjomba mwenye cheo. Majirani, wengi wao Waislamu wa Lindi na Mtwara, walinichimbia kaburi kwenye makaburi ya jiji, tukamzika kabla jua halijazama. Aibu sina. Aibu wanayo waliokuwa na malori wakanipa kisogo.

Dada hakukubali. Kila Krismasi nikipanda Moshi alinionyesha nafasi iliyoachwa wazi ubavuni mwa kaburi la baba, palipofyekwa vizuri, pamesafishwa kama panangoja mtu ashuke kwenye basi.

"Mama amelala kwa watu," alikuwa akisema. "Mfukue, umlete."

Na mimi nilimjibu lilelile: mama yangu simfukui. Ukishamlaza mtu, umemlaza. Vita hiyo ilidumu miaka arobaini. Tulikula pamoja, tulicheka pamoja, lakini tukifika hapo kila mtu alitazama sahani yake.

Mwaka juzi dada alishuka Dar kutibiwa moyo, akafikia kwangu, nyuma ya duka langu la vifaa vya ujenzi. Jioni ya kwanza alifungua gazeti alilolikunja kwenye mkoba, akaniwekea mezani jani la sale lililopigwa fundo. Asiye Mchaga aelewe: hilo ndilo jani la kuombea msamaha na la kuombea jambo zito. Ukiletewa, hukatai.

"Dada, hii si haki," nikamwambia. "Ni sawa na kuniletea polisi nyumbani kwangu."

"Daktari kasema moyo umechoka. Nikifika huko baba ataniuliza, mke wangu umemwacha wapi? Nimjibu nini?"

"Mwambie yuko na mimi, Dar."

"Utamwambia mwenyewe."

Lile jani nililiweka kwenye glasi ya maji. Sikulikataa, na sikujua nitalifanyia nini.

Wiki hiyo parokia yetu ilikuwa inapokea ugeni: sanamu ya Bikira Maria inayozunguka parokia hadi parokia, na pamoja nayo masalia ya mtakatifu mmoja wa kike wa Ulaya, yaani mifupa yake. Kila jumuiya ilipewa mchana mmoja wa kukaa na wageni hao. Mama mwenyekiti wa jumuiya yetu akanifuata dukani.

"Baba, sebule ya chini unayo wewe peke yako. Sisi wengine tuko ghorofani, ngazi zenyewe kama za banda la kuku."

"Waje," nikasema.

Hapo tulikosea, mimi na dada, na kosa letu lilikuwa la Kichaga kabisa. Ukituambia mifupa, sisi tunamwona mtu. Na mtu aliyekufa akisafiri, anasafiri kwenye jeneza. Hakuna aliyetuambia vinginevyo, na mimi si mtu wa kuulizauliza. Dada alisimama mlangoni, akaupima upana kwa mikono.

"Jeneza la Mzungu halipiti hapa. Wale ni warefu, kona hii litakwama."

Mimi nimeuza bawaba miaka yote. Nikachukua bisibisi, nikautoa mlango mzima, nikauegemeza ukutani. Tukahamishia uani makochi, friji na kabati la vyombo. Tukatandika mikeka. Nje nikafunga turubai na kupanga viti vya kukodi. Katikati ya sebule dada aliweka mabenchi mawili ya kupokelea jeneza, akayafunika shuka jeupe, akanyoosha kila kunjo.

Jirani yangu, mzee wa Newala anayeuza mabomba duka la pili, aliona yote hayo kutoka kaunta yake. Akafunga duka. Mara namwona anaingia kwa hatua za pole, mkononi kiroba cha mchele.

"Mangi, pole sana," akasema, maana Mchaga mwenye duka hapa mjini jina lake ni hilo. "Ni dada?"

"Dada kafanyaje?"

"Amefariki lini?"

Dada akatoa kichwa jikoni. "Nimefariki saa ngapi, na chai nimekunywa?"

Jirani alishika kiuno, akacheka mpaka akakaa kwenye mkeka. "Sasa huu msiba wa nani?"

"Si msiba. Anakuja mgeni," dada akamjibu. "Yeye kafa siku nyingi."

"Basi mchele ubaki. Aliyekufa siku nyingi na safari yote hiyo, lazima ana njaa."

Alasiri tukasikia nyimbo kutoka upande wa Gerezani. Malori yaliyokuwa yanashusha mizigo yalizima injini, wapagazi wakaweka viroba chini, wenye meza za biashara wakazisogeza kidogo, jambo ambalo hata mgambo huwa halipati kwa hiari. Wanaume wanne walimbeba Bikira Maria begani, juu ya machela iliyopambwa maua mapana kuliko akili. Mlango wangu ungekuwepo ungeyachana yote. Walipita bila kugusa. Dada akaniinulia nyusi.

Nyuma yao akaja paroko, kijana mwembamba, ameshika kwa mikono miwili kitu kilichofunikwa kitambaa, ukubwa wa saa ya mezani. Dada hakumtazama. Alikuwa bado anachungulia barabarani.

"Baba, jeneza liko nyuma?" akamuuliza.

"Jeneza gani, bibi?"

"La mtakatifu."

Paroko akafunua kitambaa. Kilikuwa kisanduku cha rangi ya dhahabu chenye kioo, na ndani ya kioo kipande cheupe, kidogo kama ukucha wa mtoto. Akakiweka juu ya shuka la dada, kwenye mabenchi yale marefu. Ungedhani kuna mtu kakisahau pale.

"Hiki tu?" Sauti ya dada ilifika mpaka kwa jirani kwenye mabomba. Mama mwenyekiti akajikohoza.

"Hiki tu, bibi. Mwili wake uko kwao."

"Na watu wote hawa wanapiga magoti kwa hiki?"

Paroko hakukasirika. "Kanisa halipimi mtakatifu kwa kilo. Palipo na kipande chake, tunamheshimu mzima."

"Mzima?"

"Mzima. Na kule kwao hajapungua."

Dada alipiga magoti kwa taabu, akishika benchi. Rozari ikaanza. Watu walikuwa wanatazama sanamu, wengine kisanduku. Mimi nilimtazama yeye. Midomo yake haikuwa inasali. Katikati ya Salamu Maria akanigeukia.

"Umemsikia?"

"Nimemsikia."

"Kwao hajapungua."

"Sali, dada."

Miaka arobaini tulibishana kama mama ahame mzima au abaki mzima. Kipande hakuna aliyekitaja. Mimi simfukui mama, hilo halijabadilika hata leo. Lakini wageni walipoondoka, tukiwa tumekaa kwenye mikeka tunakula wali wa mchele wa jirani, nikamwambia kesho twende makaburini tukachukue udongo.

"Udongo si mfupa," akasema.

"Miaka arobaini, dada. Udongo wa pale ni yeye."

Akatafuna polepole. Kisha akaomba aongezewe mchuzi, nikajua amekubali.

Asubuhi nilimwaga misumari kutoka kwenye kopo jipya, nikalipangusa, nikachukua mwiko wa fundi. Pale kaburini dada alikaa chini, akaweka kiganja juu ya saruji niliyoijenga nilipopata uwezo. Kumbe katika miaka yote hiyo hakuwahi kukanyaga pale. Nilichota ubavuni, taratibu, mpaka kopo likajaa. Yeye ndiye aliyelifunika.

Basi la Moshi nilikata viti vitatu. Dada alikaa dirishani, kopo katikati, mimi upande wa njia. Konda akapita akihesabu abiria.

"Mzee, hicho kiti kina mtu?"

"Kina mtu."

Alitazama kopo. Akaliona jani la sale tulilolifunga juu ya kifuniko. Naye alikuwa wa kwetu. Akavua kofia, akaenda kuhesabu viti vya nyuma.

Mama tukamlaza ubavuni mwa baba, kwenye ile nafasi, na lile jani tukaliweka humohumo. Dada alipanda masale mapya kuzunguka. Bado yupo. Moyo umechoka, mdomo bado. Nafasi ile hainionyeshi tena. Siku hizi ananionyesha paa la jiko lake.

Leo nina duka la vifaa vya ujenzi na stoo yake. Nyumba ya chini, vyumba vinne, nyuma ya duka. Pikipiki ya magurudumu matatu ya kupelekea mizigo. Kihamba cha baba, na migomba yake na kahawa. Watoto watatu waliosoma. Mlango wa sebule, bawaba mpya. Makaburi mawili ya mama mmoja, na yote mawili masafi.