Baba Alikataa Kumtoa Jike

Tak!

Kimya. Kisha tena: tak, tak!

Nilikuwa chumbani nafunga kamba za viatu. Nikajua hiyo si cherehani ya baba. Cherehani mlio wake unakimbia. Huu ulikuwa mlio wa kitu kinachojipigiza.

Nikatoka mbio hadi sebuleni.

Samaki mmoja alikuwa anaruka ndani ya tangi na kugonga kifuniko cha kioo kwa kichwa. Nyuma yake yuko Bondia, yule dume mgomvi, kamng'ang'ania mkia, hampi hata nafasi ya kupumua.

Kufika jioni yule mrukaji alikuwa anaelea kwa ubavu, mapezi yamechanika kama kitambaa kilichopitiwa na panya.

Wakabaki wawili. Bondia na jike.

Usicheke. Najua utasema, kijana mzima, ndevu hizo, analilia samaki. Ngoja nikwambie walikuwa wa nani.

Walikuwa wa mama.

Tetra weusi, wale wenye pezi pana la chini linalopepea kama sketi. Mama aliwazalisha mwenyewe miaka nenda rudi, kwenye tangi lililo kando ya cherehani ya baba. Alipofariki aliacha kundi zima. Lakini hakumfundisha mtu kuwazalisha. Nani aliwaza kwamba angetangulia mapema vile?

Baba hakulia msibani. Ila kila samaki akifa, alikuwa anaacha nguo ya mteja chini ya sindano na kukaa tu, mikono mapajani.

Hawa wawili wakiisha, na baba ameisha. Ndivyo nilivyoiona mimi.

"Huyo Bondia mtupeni," dada akasema. Alikuwa anakunja nguo zake. Alikuwa amepata kazi mbali. "Kamaliza mmoja, sasa kamgeukia jike. Hamwoni?"

Kweli, alikuwa anamkimbiza.

"Angalia vizuri kabla hujatoa hukumu," nikasema. "Yule aliyekufa, Bondia alikuwa anamng'ata mkia na kumbana kwenye kona. Huyu hamng'ati. Kakunjua mapezi, anaogelea naye ubavu kwa ubavu, anatetemeka. Na mtazame jike tumbo lilivyojaa. Huo si ugomvi, ni posa."

"Haya, Malenga wa mitandaoni!"

Ananiita Malenga kwa sababu natunga mashairi. Sikufundishwa na mtu, nimejifunza mwenyewe, na siombi radhi kwa hilo. Mambo ya tetra nayo nilijifunza hivyohivyo, kwa kusoma vikundi vya wafugaji kwenye simu mpaka macho yanawasha.

"Na kwa nini alimuua mwenzake?" baba akauliza. Mikono ilikuwa bado mapajani.

"Ni uchache, baba. Wakiwa kundi, ukali unagawanyika. Huyu anadonolewa kidogo, yule kidogo, maisha yanaenda. Wakibaki wachache, wote unamwangukia mmoja."

Baba akatutazama, mimi na dada.

Tukaanza kazi. Nilikinga maji ya mvua, maana tetra hupenda kuzaa kwenye maji laini. Baba alikata uzi wa sufu wa kijani, akaufunga fundo juu, ukaning'inia majini kama majani. Akashona na pazia jeusi la kufunika tangi, kwa sababu mayai yao huharibiwa na mwanga. Alilishona kwa pindo la mara mbili, kama suti ya bwana harusi.

Hata dada aliacha kukunja nguo, akawa anachungulia.

Asubuhi moja nikafunua kona ya pazia.

Mayai! Madogo kuliko punje ya chumvi, yanang'aa, yamenata kwenye uzi wa baba.

Nikapiga kelele kama nimefunga goli. Na shairi likanitoka hapohapo:

*Mayai yetu ya mama, yamenasa kwenye uzi,*
*Kesho yatatoka hima, wajukuu wa mzazi.*

Baba akacheka. Wallahi, alicheka mpaka miwani ikateleza puani.

"Sasa tuwatoe wote wawili," nikasema, nikachukua kiwavu cha mama cha kuopolea samaki. "Hawa hawalindi mayai. Wanayala."

Bondia nikamtia kwenye ndoo. Niliporudi kwa jike, baba akanishika mkono.

"Huyo muache."

"Baba, naye atayala. Yeye haoni mtoto pale, anaona chakula."

"Mama hatolewi kwa wanawe."

"Baba, huyu ni samaki..."

"Nyumba hii imeshatolewa mama mara moja!" Sauti ilipasuka. "Mara ya pili haitatokea mbele yangu."

Dada akasogea taratibu. "Baba, leo msikilize Malenga. Mimi mwenyewe namsikiliza, ujue mambo yamekuwa mazito."

Baba hakucheka. Alivuta kiti, akakaa mbele ya tangi kama askari wa lindo.

Wewe ungefanyaje? Mimi hasira zangu ziko karibu, wanaonijua wanajua. Lakini kumsukuma baba yangu? Nikaweka kiwavu chini.

Mchana tukafunua pazia.

Uzi ulikuwa mtupu. Msafi, kama umetoka dukani. Jike anazunguka taratibu, ametosheka.

Kisha baba akasema:

"Nilimwona."

"Ulimwona nani?"

"Nilichungulia, nikamwona anakula. Moja, halafu jingine."

"Baba! Na kiwavu kipo hapo! Mbona hukuniita?"

Akavua miwani.

"Nilidhani atabakiza."

Nikalipuka. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Dada akanirukia, mimi nikamrudishia, kwamba yeye anakimbia anatuachia maiti. Baba naye akatufokea wote wawili. Tuliumana vibaya siku ile, ndani ya chumba kimoja, tangi linatutazama.

Tulipokuwa wanne tulikuwa tunagombana kila siku, na hakuna aliyeumia. Mama alikuwa anabeba fungu kubwa la ukali ule, sisi hatujui.

Bondia nikamrudisha tangini, lakini jike hakutaga tena. Nilibadilisha maji, nilibadilisha chakula, wapi. Siku moja tukamkuta chini, kwenye changarawe. Dada akaondoka wiki hiyohiyo. Alimkumbatia baba. Mimi na yeye tulipeana mkono tu.

Amebaki Bondia. Anapigana na kivuli chake kwenye kioo, tak, tak, mchana kutwa. Dume bila jike, hata nisome nini, hapo hakuna maarifa. Ukoo wa samaki wa mama unaishia kwake.

Ukitaka funzo, ni hili: mkibaki wachache, acheni kumtafuta mbaya wenu ni nani. Tazameni nani hayupo. Sisi tulilijua wakati hakuna tena cha kuokoa.

Jana baba alishona kitambaa cha kuziba upande ule wa kioo, ili Bondia asijione. Akakata uzi kwa meno. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa:

"Na wewe unaondoka lini?"

Begi langu lilikuwa tayari chini ya kitanda. Nadhani alishaliona.

Nikamsaidia kubandika kitambaa. Bondia akatulia.

Nikasema kwa sauti, asikie vizuri, maana masikio yake nayo yanachoka:

"Nakuahidi, baba. Humu ndani, mimi nitatoka wa mwisho."