Tulisoma kitabu cha mashine kwa Kiingereza kama mahubiri, injini ikakwama

Wakuu, salamu zenu popote mlipo.

Mimi ni mzee wa Kalemie, upande wa Kongo wa ziwa Tanganyika. Nitawaelezea jambo lililonipata mimi mwenyewe, bila kuongeza chumvi, maana hata bila chumvi linatosha kunikasirisha mpaka leo.

Kiswahili changu ni cha huku, mtanivumilia. Masomo yangu yaliishia primeri ya tatu. Minerval, ile karo ya shule, ilikosekana, nikarudishwa nyumbani, na nyumbani nikakuta jembe linaningoja. Kifaransa naokota. Kiingereza nilikuwa nakiona tu kwenye fulana za watu.

Sasa sikilizeni.

Mimi na bibi yangu, yaani mke wangu, Mama Jeni, tunaishi kwa mashine ya kusaga muhogo. Miaka mingi ilikuwa ya umeme. Unabonyeza, inalia, unga unatoka, umemaliza. Lakini umeme wetu unakuja unavyotaka wenyewe, na mama mwenye watoto wenye njaa hawezi kungoja umeme ukumbuke njia.

Ng'ambo ya barabara jirani akaleta mashine ya mazuti, dizeli ninyi mnaiita. Wateja wangu wakaanza kuvuka, mmoja mmoja. Tena wananisalimia vizuri kabisa, "Jambo Papa Jeni," huku beseni iko kichwani inaelekea kwake. Ile salamu inauma kuliko tusi.

Tukauza mbuzi. Tukauza kitanda cha wageni na ile mota ya umeme. Tukaagiza injini ya mazuti Kigoma, ikavuka ziwa ikafika. Hapo hatukubakiwa na kitu. Ile injini ikikataa, hatuna mashine, hatuna mbuzi, hatuna wateja, na wageni walale chini.

Muuzaji alikuwa ameniambia kwa simu, "Mzee usiwe na wasiwasi, kila kitu kiko kwenye kitabu."

Kitabu nilikiona. Upande mmoja Kichina, upande mwingine Kiingereza. Nikachagua Kiingereza, kama mtu anayechagua nyoka mfupi.

Fundi wetu wa injini alikuwa amekwenda Kabalo, na hakuna aliyejua atarudi lini.

Mama Jeni akasema, "Tumungoje fundi."

Mimi nikasema, "Wasomi tunao hapa hapa kartiye, mtaani kwetu, tungoje nini?"

Hao wasomi niwaeleze.

Wa kwanza ni shemeji Safari, ndugu ya Mama Jeni. Aliuza ndagala, wale dagaa wa ziwa, Kigoma miaka na miaka, na Kiingereza anakisoma kwa sauti bila kukwama. Kusoma anasoma. Kuelewa njo shida.

Wa pili ni Papa Yoeli, mutafsiri wa kanisani kwetu. Mhubiri mgeni akija, Yoeli anasimama kando yake. Mgeni anatoa kipande, Yoeli anageuza kipande, watu amina. Ana haraka ya ajabu. Siku moja mhubiri alinyamaza ili anywe maji, Yoeli akatafsiri pia. Alitafsiri nini sijui, lakini watu walisema amina.

Tukapanga kazi kama kanisani. Safari asome mustari, Yoeli ageuze, mimi nifanye. Hapo hapo. Mustari mumoja, kazi moja.

Kanisani mpango huo unakwenda vizuri, wakuu, kwa sababu kanisani hakuna muntu aliyeshika spana.

Siku ya siku bamama wakajaa mbele ya mashine na beseni zao. Safari akavaa miwani yake, kioo kimoja kimepasuka, akaanza:

"Do not start the engine..."

"Musiwashe injini!" akapaza Yoeli.

Nikaweka manivela chini. Manivela ni kile chuma cha kuzungushia injini kwa mkono. Safari anatafuta mustari unaofuata, sisi tumesimama. Mama mmoja akasema kwa nguvu ili wote wasikie, "Eh Papa Jeni, kumbe umenunua injini ya kutowasha?"

Wakacheka mpaka beseni zikatikisika.

Safari akaupata mustari: "...until oil and water have been filled."

"Mpaka mafuta na maji vijazwe!"

Haya. Nikajaza mafuta, nikajaza maji. Hapo ndipo tungeshtuka. Hapo! Tungejiuliza, mbona amri ya kwanza ilikuwa nusu, na nusu yake imechelewa kufika? Hatukujiuliza. Tuliona tumekuwa wataalamu.

Nikazungusha manivela. Injini ikawaka. Wakuu, iliwaka! Bamama vigelegele. Mama Jeni ambaye hachekagi ovyo, akacheka.

Tungeachia hapo. Kila nikikumbuka natamani nirudi nijikamate mkono. Lakini Safari akainua kidole: "Zima kwanza, shemeji. Kitabu hakijaisha."

Nikazima.

Safari akasoma, chini kabisa ya ukurasa: "Drain the engine oil..."

"Mutoe mafuta ya injini!"

Mama Jeni akaruka. "Mafuta tumetia sasa hivi, mbona munaitoa?"

"Mama Jeni," akasema Yoeli kwa upole wa kanisani, "si mimi, ni kitabu."

Nikafungua, mafuta yakamwagika kwenye karai, masafi kama asali. Safari akaendelea: "...after the engine has run for its first hours..."

"Kisha injini iende masaa yake ya kwanza!"

Nikawasha. Ilikwenda vizuri kidogo. Halafu sauti ikageuka, ikawa kama muntu anayetafuna mawe. Moshi. Tak! Kimya. Nikashika manivela, haizunguki tena hata kidogo.

Katika kimya hicho Safari akafunua ukurasa wa pili: "...and refill with clean oil."

Yoeli akageuza, kwa sauti ndogo sana: "Na mujaze mafuta masafi."

Hakuna aliyesema amina.

Mama Jeni akamgeukia. "Papa Yoeli, nikikuambia, 'Tia unga maji yakishachemka,' utatia unga kwa maji baridi, halafu uwashe moto?"

Yoeli akafikiri kabisa, halafu akajibu, "Lakini mama, unga njo ulitajwa kwanza."

Mama Jeni akaingia ndani. Siku kadhaa alinipa bukari, ugali wetu, bila kunipa maneno. Bamama wakabeba beseni zao, wakavuka barabara wote pamoja. Siku hiyo hata salamu hawakunipa.

Fundi alirudi, akafungua injini. Ndani imekwaruzika vibaya. Akauliza, "Nani aliwaambia muiendeshe kavu?"

"Kitabu."

Akanitazama kama ninavyotazama mbuzi wa watu kwenye shamba langu.

Vyuma vikaagizwa Kigoma kwa deni, vikakawia. Muhogo wa shamba letu Mama Jeni akautwanga kwa kinu, mke wa mwenye mashine anatwanga kwa kinu, huku mashine ya jirani inaimba ng'ambo. Mimi nikiisikia naenda kukaa nyuma ya nyumba.

Siku moja akapita Madamu Neema, anafundisha Kiingereza sekondari. Nikamwekea kitabu mbele, kwa hasira. Nikamwambia, onyesha hawa waliokiandika walikosea wapi.

Akasoma. Akasema, "Papa, sentensi hii haina kosa. Ninyi ndio hamkungoja nukta."

Nikabisha, wakuu. Nilibisha sana! Nikasema, muntu mwenye akili anatajaje kwanza kazi ya kufanya mwisho? Kiingereza kiko kinyumenyume!

Akaniambia, "Nilipofika hapa ulisema, 'Pita ndani, mbwa akishafungwa.' Mbona sikupita palepale?"

Nikaenda kuwaita Safari na Yoeli.

Akatufundisha sisi wazee watatu, mikono yetu nyuma ya mgongo ili isishike kitu. Soma mpaka nukta kwanza. Halafu tafuta vile vineno vidogo tulivyokuwa tunaviruka kama mavumbi: before, after, until, while. Zungushia kalamu. Vineno hivyo ndivyo vinavyopanga foleni, nani atangulie, nani afuate. Halafu angalia kila tendo, ujiulize: hili limeshakwisha, ama bado? Ukiona "has run", injini imeshakwenda, kazi hiyo iko nyuma yako. Kumwaga mafuta na kutia mengine ndiko bado.

Mimi nilikuwa nashika maneno makubwa tu, engine, oil, water, nadhani nimeelewa. Maneno makubwa yananiambia vitu. Hayaniambii lini.

Vyuma vikafika, fundi akafunga. Tukasoma upya, tumekaa chini, manivela nimeifungia ndani ya nyumba na ufunguo anao Mama Jeni. Papa Yoeli aliteseka. Safari akifika katikati ya sentensi, Yoeli anaziba mdomo kwa mkono, macho yanamtoka. Sentensi moja tuligombania mpaka chai ikapoa.

Tukiwa katika magomvi hayo, akasimama mlangoni Mama Zawadi na beseni ya muhogo. Yeye njo alikuwa wa kwanza kuvuka barabara.

"Papa Jeni, mumekwisha kusoma?"

"Bado, mama. Tuko ukurasa wa pili. Hatujawasha hata."

Ng'ambo mashine ilikuwa inalia, foleni fupi. Akaitazama. Halafu akatua beseni, akakaa juu ya jiwe.

"Basi someni polepole. Mimi nangoja."

Alingoja mpaka tukamaliza. Muhogo wake njo wa kwanza ile injini ilisaga, na inasaga mpaka leo. Wateja wengine wamerudi, wengine hapana, siwalaumu.

Fundisho ni hili, na ninalisema nikiwa bado na hasira: kama unasoma Kiingereza, mkono wako usitangulie nukta. Na usidharau vineno vidogo, ndivyo vilivyoniulia injini.

Haya, ninyi je? Nani kati yenu ameharibu kitu kwa kusoma nusu? Semeni, msiniache peke yangu kwenye aibu.

Na walimu mliomo humu, nielezeni neno "unless". Madamu Neema amenieleza, nimeitika, sikuelewa. Liko ukurasa wa tano, na huo ukurasa hatuugusi mpaka nilielewe.