Mkono wa Baba na Vyuo Viwili

Mama yangu alikuwa akianguka ngazi miaka yote niliyomjua, na sisi tulikaa nyumba ya chini. Ndivyo alivyowaambia majirani wa Ghulail, mtaa wetu wa Jeddah, ndivyo alivyomwambia daktari aliyemshona juu ya jicho, na mimi nikamwambia hivyohivyo mwalimu wangu siku niliyokwenda shule na mdomo umevimba. Baba ni fundi wa viyoyozi, mtu wa kuswali, mtu wa kutaniana na watoto wa watu, na mkono wake wa kulia ni mwepesi kuliko ulimi wake. Nasema wazi kwa sababu nyumbani kwetu kila mtu alikuwa hodari wa kupunguza mambo, na mambo yenyewe hayakupungua.

Mwaka niliomaliza sekondari nilikuwa na vyuo viwili moyoni, vyote vya ufamasia. Kimoja kilikuwa hapahapa Jeddah na kingine Riyadh. Vyote vilipokea maombi ya mapema, na masharti yao yalifanana: ukiomba mapema nafasi karibu ni yako, lakini unatia saini kwamba huombi kwengine, na wakikukubali umefungwa. Ukingoja msimu wa kawaida unagombania na umati. Sisi watoto wa ikama, wa kibali cha ukaazi, ambao babu zetu walitoka Zanzibar wakati wa mapinduzi na mpaka leo tunahesabiwa wageni, katika umati ule huokota makombo. Kwa hiyo nilitakiwa nichague kimoja, tena upesi.

Cha Jeddah nilikipenda kwa maabara yake na kwa ajili ya mama. Nikisoma Jeddah ningelala nyumbani, na nikiwa nyumbani najitia kati. Makofi mengi yaliyokuwa ya mama nimeyala mimi, wala sijutii hata moja. Cha Riyadh nilikipenda kwa sababu mkono ule usingefika. Ningekaa kwa mjomba, kaka yake mama, dereva wa lori anayeishi na mkewe Al-Sulay, kwenye maghala.

Mjomba alinichukua siku chache nikakione chuo hicho. Msidhani Riyadh ni mji wa malaika. Asubuhi ya kwanza, mbele ya ghala, niliona madereva wawili wakitwangana kwa spana kisa foleni ya kushusha mizigo. Mmoja alikuwa Mkenya, damu inamchuruzika sikioni, naye anasema tu, “Boss, hii ni zamu yangu. Nimekuwa hapa tangu usiku.” Mjomba alijitosa kuamua, akala ngumi ya taya. Mchana wake, nyumbani, mkewe aliteleza na sinia la chai, gilasi zote zikavunjika. Nikaitazama mikono ya mjomba, maana mimi kitu kikivunjika hutazama mikono. Mjomba akainuka na taya lake lililovimba, akaleta ufagio, akasema, “Msikanyage, mtajikata.” Nilikwenda chooni nikalia kwa hasira. Nilikuwa sijui kwamba gilasi ikivunjika unaweza kufagia tu.

Kwetu jambo zito haliamuliwi bila istikhara. Unaswali rakaa mbili, unaomba Mungu akuelekeze, kisha unalala. Mashekhe wanasema aswali mwenye jambo lake, na kwamba kuota si sharti. Nani awasikilize? Baba aliniswalia bila kuniuliza, akaota nimesimama ufukweni, akasema halas, ni Jeddah. Mjomba alipokuja kwa umra akaniswalia naye, akaota nimevaa koti jeupe na nyuma yangu jangwa tupu. Mimi mwenyewe niliota nimechelewa mtihani wa kemia.

Ndoto ya baba na ya mjomba zilikutana Ijumaa, juu ya sinia la pilau.

“Bahari iko Jeddah, shemegi,” baba alisema. “Riyadh hakuna hata dimbwi.”

“Bahari kwenye ndoto ni safari,” mjomba akamjibu. “Muulize yeyote.”

“Unanifasiria ndoto yangu nyumbani kwangu?”

“N’nakwambia unalolijua. Mtoto huyu anataka kuondoka, na sababu unaijua weye.”

Baba aliacha kula. Akamgeukia mama kwa ule upole wake ambao sote tuliuogopa. “Na weye mke wangu? Umeota nini?”

“Miye silali,” mama alisema.

Baba alimpiga kwa nyuma ya mkono, vidole vingali na mchele. Mama akaangukia ukuta. Mjomba akaruka juu ya sinia, wakashikana, wakabingirika juu ya chakula. Baba alikuwa na nguvu zaidi. Alimkalia mjomba kifuani akampigiza kichwa sakafuni, mara hii, mara hii tena, na sakafu yetu ni vigae. Nilimvuta shati likachanika. Kiwiko chake kikanipasua pua. Nikamng’ata begani, nikang’ata kama mbwa, nikisikia chumvi ya damu bila kujua ni yake au yangu, na nasema kweli, nilitaka afe.

Mama, ambaye sikumwona akiondoka pale ukutani, akatoka jikoni na mchi wa kinu. Hakupiga kelele. Alimzunguka baba mpaka upande wa kulia, akaunyanyua kwa mikono miwili, akaushusha juu ya kifundo cha mkono. Mfupa ulilia. Kisha watoto wa jirani wakasikika wakicheza mpira kichochoroni. Mama akarudi jikoni akauosha ule mchi.

Hospitali, daktari alimuuliza baba imekuwaje. Baba akasema ameanguka ngazi kazini. Nilikuwa nimesimama pembeni na pamba puani, nikaangua kicheko, nikacheka mpaka nesi akaniuliza kama nina akili zangu.

Walimfunga plasta ngumu mpaka kwenye kiwiko, na hapo ndipo nilipokaribia kukosea. Maana nyumba ilikuwa tamu. Baba hakuweza kushika bisibisi, akawa anashinda nyumbani, anakula kwa kijiko mkono wa kushoto, anatuhadithia vituko vya viyoyozi vya matajiri. Alimpigia mjomba simu akamtaka radhi. Mama alianza kulala mchana, mdomo wazi, akikoroma. Nilikuwa sijui kwamba mama anakoroma. Siku moja baba aliniita akasema, “Chagua weye. Utakapochagua, mie sitii neno.” Nikambusu mkono, ule wa plasta.

Basi nikachagua Jeddah. Nikajaza maombi yote, nikapakia vyeti na picha ya ikama, ikabaki kubonyeza tu. Nilijiambia baba amebadilika, mama amepona, na maabara ile ni nzuri. Nikamwonesha mama. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua macho.

“Unasoma kwa ajili yako au kwa ajili yangu?”

“Kwa ajili yetu.”

“Miye nliposwa ningali mtoto, sikupata kutazama kwengine,” alisema. “Weye tazama.”

Nilimkasirikia. Niliona anakataa zawadi.

Plasta ilikatwa siku moja kabla ya dirisha la maombi kufungwa. Baba alirudi na furaha, mkono umekonda, ngozi imechakaa, anaugeuzageuza kama mtu aliyerudishiwa saa yake. Tukakaa watatu, chai ya alasiri, mandazi, mazungumzo mazuri. Katikati ya maneno akaunyosha ule mkono juu ya sinia.

Mama alijikinga uso kwa kiwiko. Mimi nilikuwa nimeshasimama, niko kati yao, ngumi nimeikaza. Sikumbuki kuinuka.

Mkono wa baba ulibaki hewani. “Sukari,” alisema. “Nilikuwa nataka sukari.”

Mama akashusha kiwiko taratibu, akamsogezea kopo. Baba akatia sukari, akakoroga muda mrefu, na machozi yakamtoka. Nilimchukia kwa machozi yale kuliko kwa kipigo chochote, kwa sababu yalinitaka nimwonee huruma, na nilimwonea, na bado ngumi ilikataa kufunguka. Huenda asingetupiga tena. Wallahi huenda. Lakini niliona maisha yangu yote ya Jeddah pale: mimi nimesimama kati ya watu wawili, chai inapoa, nalinda sukari.

Niliingia chumbani nikafuta kila nilichojaza. Nikaanza upya, cha Riyadh, nikatia saini kwamba siombi kwengine, nikabonyeza. Mama alikuwa mlangoni.

“Ushapeleka?”

“Nishapeleka. Riyadh.”

Akaingia, akaurudisha mlango taratibu ili usisikike sebuleni. Nilidhani ataniombea dua, au atalia, nikafungua mikono nimpokee. Alisimama palepale, akalitazama kovu la pua yangu.

“Basi,” alisema. “Na likizo usije.”