Mbegu za Mkononi Kwanza

Nakumbuka Ijumaa moja huko Kaloleni, mwanangu, moyo ulinidunda kwa furaha hata chai haikushuka. Mwalimu wa shule moja ya Kisian alikuwa njiani kuja kuuona mchezo wetu wa ajua, ule wa mashimo na mbegu, tulioutia kwenye kompyuta. Akiupenda, wanafunzi wake wangeucheza. Asipoupenda, mwenzangu Ouma, mchoraji wetu, angerudi Luanda Kotieno kuvua samaki, maana babake alikuwa amechoka kungoja michezo yetu ilete pesa.

Miaka hiyo ya tisini tulikuwa wawili tu, na kompyuta moja kuukuu. Raha niliyokuwa nayo sijaipata tena! Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Mimi nilishika tatu, yote michezo ya kompyuta: ajua, mbio za mashua na kandanda. Asubuhi naongeza upepo kwenye mashua, mchana nahamisha magoli, jioni niko kwenye ajua.

Na ajua ilikuwa tayari. Mama Akinyi, mwenye nyumba wetu, bingwa wa ajua tangu usichana wake, aliijaribu Jumatano akasema iko sawa. Alhamisi, nikiwa katikati ya mashua, nikapata wazo la kuziharakisha mbegu za ajua. Nikabadilisha, nikaihifadhi juu ya ile nzuri kwenye disketi ileile, kisha nikarukia mashua tena. Sikumwita mtu aijaribu.

Basi mwalimu akaketi, akacheza. Mbegu zikaruka shimo, nyingine zikapotea kabisa. Ouma akainamisha kichwa. Nilitamani ardhi inimeze, na kibaya zaidi, sikukumbuka nilichobadilisha.

Mama Akinyi, aliyekuwa akitutazama, hakunipigia kelele. Alileta ubao wake wa ajua, akamwomba mwalimu wacheze huku tukitengeneza, kisha akanigeukia.

"Kijana, mbegu ikiwa kwa mkono unagawa yote kwanza, ndio ushike shimo ingine. Wewe umeshika mashimo tatu."

Nilisoma mstari kwa mstari mpaka nikalipata kosa. Kufikia hapo mwalimu alikuwa ameshindwa mara nne na anacheka. Akahamia kwenye kompyuta, akaishinda, akaruka kitini kama mtoto. Aliondoka na disketi, na Ouma akaanza kutoa nguo kwenye sanduku alilokuwa amekwisha kulifunga.

Juzi ulinieleza kuwa studio yenu ina michezo minne, na kila wiki mnatoa maboresho. Nilifurahi hadi nikacheka peke yangu, kisha nikaogopa kidogo. Shika minne ukitaka, mwanangu. Lakini ulichoanza katika mmoja, kimalize kabla hujagusa mwingine. Andika daftarini kila unachobadilisha, nakala iliyo nzuri iweke kando, na kipya kisivuke mlango kabla Mama Akinyi wako hajakijaribu.

Nenda, Mungu aibariki mikono yako. Na mgeni wako atakapobisha hodi, akukute mkono mtupu, mbegu zote zikiwa mashimoni.